Wali wa Maya, Jina Langu Ubaoni

Nimestaafu nikiwa na magoti mabovu na stashahada safi. Stashahada ni ya upishi na huduma za chakula. Niliipata kwa kusoma, si kwa kujuana, na imetundikwa sebuleni kwangu hapa Muheza, mkabala na mlango, ili mgeni asipate shida ya kuitafuta. Vijana niliowaacha jikoni kule Buffalo wameniomba niandike nilichojifunza Marekani. Mishahara na vyeo sitavigusa. Aliyeiona nyumba yangu anajua, na ambaye hajaiona hatasaidiwa na tarakimu. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya kosa nililolifanya Columbus, ambalo chuoni hawakutufundisha kulikwepa, ingawa walitufundisha namna nyingi mno za kukunja vitambaa vya mezani.

Nilianzia Louisville, kwenye kantini ya kiwanda kimoja kule Jeffersontown. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe la mpishi nililoshonesha Tanga, lenye jina langu kifuani kwa uzi mwekundu. Msimamizi alinitazama, akanipa aproni ya plastiki na magunia mawili ya viazi. Nilimenya viazi miezi minne, na hakuna kiazi kilichotoka mikononi mwangu kikiwa na doa. Aliyenifundisha kazi alikuwa mpishi mzee, Mmarekani mweusi wa pale pale Kentucky, ambaye hakuwa na cheti hata cha kuogelea.

"Unakishika kisu kama kalamu," aliniambia siku ya pili. "Hapa hatuandiki barua."

Alinifundisha kunusa mafuta kabla hayajaungua, na kutambua kwa sauti ya sufuria kama wali umekaribia. Alinifundisha pia kuonja kila kitu, kila siku, hata kile ulichokipika mara elfu. Kipimajoto kitakwambia chakula kimeiva, alisema, lakini hakitakwambia kama ni kitamu. Nilimheshimu sana, ila sikumwambia, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado naona aibu kufundishwa na mtu asiyesoma.

Watanzania wa South End, mtaa wetu pale Louisville, tulikuwa na sherehe zetu kwenye ukumbi wa kukodi, na majirani zetu Wakongo tuliwaalika. Meza za mbele zilikuwa za wenye digrii. Aliyeitwa Daktari, aliyeitwa Injinia na aliyeitwa Mheshimiwa, wote watatu walifunga maboksi kwenye ghala moja, zamu moja, chini ya msimamizi mmoja aliyeacha shule. Lakini Jumamosi kila mtu alirudi kwenye cheo chake. Mimi na stashahada yangu tuliwekwa meza ya katikati, pamoja na nesi na walimu wawili. Iliniuma. Kisha nilitazama meza za nyuma, walikokaa Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi, nikajifariji kwamba kuna walio nyuma yangu. Nalisema hili mapema ili msidhani kwamba nilifika Columbus nikiwa mgeni wa mambo ya matabaka.

Columbus nilikwenda kuwa mpishi mkuu wa kituo cha wazee, upande wa Reynoldsburg. Basi dogo linawachukua wazee asubuhi, wanacheza karata, wanapimwa presha, wanakula, wanarudishwa alasiri. Karibu wote walikuwa Wanepali waliofukuzwa Bhutan, wakakaa kambini miaka mingi, kisha wakaletwa Ohio. Walikuwa Wahindu, wapole na wasafi. Siku ya kwanza nilipika wali na supu ya dengu, nikapanga sahani kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyegusa.

Mratibu wetu, Sabitri, Mnepali mwenzao, alikuja dirishani. Jiko letu lilikuwa limetengwa na ukumbi kwa ukuta, na chakula kilipitia kidirisha kidogo.

"Bwana Bakari," akaniuliza, "kwenu ninyi ni watu gani?"

"Watanzania."

"Hilo najua. Babu yako alikuwa nani?"

Sijawahi kuombwa kumsifu babu yangu nikakataa. Nilimwambia babu alikuwa imamu na mwalimu wa madrasa, kwamba watu walitoka mbali kuja kusomewa dua, kwamba ukoo wetu ni wa kitabu. Kwamba babu huyo huyo alilima mihogo kwa jembe la mkono, sikuona sababu ya kulitaja. Sabitri alirudi ukumbini, akasema maneno machache, na wazee wakaanza kula.

Baada ya wiki mbili nikamuuliza aliwaambia nini.

"Nimewaambia wewe ni Mbrahmini wa Afrika."

Alinieleza. Kwa desturi yao ya zamani, wali uliopikwa na mtu wa tabaka la chini hauliwi na aliye juu yake, na maji aliyoyagusa hayanyweki. Mpishi salama ni Mbrahmini, mtu wa ukoo wa makuhani, kwa kuwa kila mtu anaweza kula kwake.

Muungwana angekwenda siku ile ile kusahihisha. Mimi nilianza kutembea polepole zaidi. Nilikuwa nimewekwa meza ya katikati Louisville, na hapa, bila hata kuulizwa cheti, nimepandishwa hadi ya mbele kabisa.

Dengu zangu hawakuzipenda, lakini walizila kwa adabu. Ndipo akaajiriwa Maya kuosha vyombo pamoja na Mama Furaha, Mkongo wa Uvira aliyekuwa pale kabla yangu. Maya alikuwa Mnepali mwenye miaka kama arobaini, mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi tangu utotoni. Siku ya tatu alichungulia sufuria yangu, akachota kidogo kwa kijiko safi, akaonja.

"Kaka," alisema, "umezichemsha hizi kama nguo."

Nilimwambia hiyo ndiyo njia ya chuoni. Akaniomba ruhusa. Akapasha samli, akatia bizari, kitunguu saumu, jani fulani kavu la milimani, na pilipili ndogo nyeusi zinazouacha ulimi na ganzi, alizozitoa kwenye mkoba wake zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Akamimina juu ya dengu, zikalia. Siku hiyo sahani zilirudi zikiwa kama zimeoshwa.

Kuanzia hapo Maya ndiye aliyepika wali na dengu, na mimi nikashughulikia mboga, matunda, mkaguzi wa afya na sifa. Ubaoni karibu na mlango wa ukumbi palikuwa na kadi iliyoandikwa "Mpishi wa Leo," na jina langu chini yake. Wazee walikuja dirishani kunisalimu kwa kuunganisha viganja.

"Bon, chef," Mama Furaha aliniambia siku moja, mikono ikiwa kwenye sinki. "Banakusifu sana. Donc ile dengu unapikaka saa ngapi? Miye sijakuonaka."

"Mimi ndiye ninayesimamia."

"Ah. Diplome inasimamaka, Maya anapikaka. Nimeelewa."

Nilimwambia aangalie vyombo vyake. Akacheka hadi povu likamrukia.

Kwa nini Maya mwenyewe hakudai sifa? Nilidhani ni aibu ya kike. Kumbe jina lake la ukoo lilikuwa Bishwakarma, na Mnepali yeyote akilisikia anajua ni la wahunzi, watu ambao maji yao hayanyweki. Alikuwa na chupa yake ya maji na hakugusa bomba la ukumbini. Chakula cha mchana alikula amesimama, stoo. Kwake haya yalikuwa ya kawaida kama baridi ya Ohio: unavaa koti, unaendelea.

Kilichomgeuza ni keki. Binti yake wa miaka tisa alialikwa siku ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasani, nyumba ya Wanepali, ghorofa ile ile wanayokaa. Watoto wengine walikula mezani. Huyu wa Maya, bibi mwenye nyumba alimpa kipande chake kwenye sahani ya karatasi, akamwambia akakile barazani, nje, kuna hewa nzuri. Ilikuwa Februari.

"Alirudi ananiuliza kwa Kiingereza," Maya alinieleza huku akiosha mchele. "Hata hakukasirika. Anauliza tu kama mtu anayeuliza hesabu. 'Sisi tuna ugonjwa gani?' Nikamwambia hatuna. Akasema, 'Basi kwa nini?' Kaka, kambini niliweza kukosa jibu. Hapa nimekosa vipi?"

Baada ya miezi kadhaa, Jumatatu moja, alikuja akiwa amefungwa uzi mweupe wa baraka mkononi. Yeye, mume na binti walikuwa wamekwenda kwa mtawa wa Kibuddha, kwenye nyumba ya kawaida iliyofanywa hekalu, mashariki mwa mji. Walikuwa wameacha Uhindu.

"Buddha hakutambua tabaka," aliniambia. "Mtawa amesema mtu ni matendo yake. Tendo langu ni wali. Andika jina langu ubaoni."

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Jina lake lilistahili kuandikwa, hilo silijutii. Nilichokosea ni kuamini kwamba karatasi itamaliza kazi. Mimi karatasi ilinibadilisha: niliingia chuoni mtoto wa Muheza, nikatoka mwenye stashahada, na shangazi zangu wakaanza kunipa kiti. Nikadhani dini mpya nayo ni kama cheti, ukishakipata watu wanasogea. Sikumwambia Sabitri, sikumwambia meneja. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Mpishi wa Leo: Maya Bishwakarma," nikaitundika kadi.

Siku hiyo wazee walitangaza kufunga. Walisema kwa upole mkubwa. Mzee wa kwanza kusema alikuwa yule tuliyemwita Baje, yaani babu, Mbrahmini wa kweli, mwenye kofia ya kitambaa cha maua na kicheko kizuri. "Leo nimefunga," alisema, akatoa ndizi mfukoni. Aliyefuata naye alikuwa amefunga. Hadi saa saba ukumbi mzima ulikuwa umefunga na unanukia ndizi. Mimi ni Mwislamu, nimefunga Ramadhani tangu utotoni, lakini sijawahi kuona funga inayoanza kwa kusoma ubao.

Walifunga siku nne. Meneja wetu, Bi Ellen, Mmarekani mpole aliyeogopa kumkosea mtu yeyote wa taifa lolote, aliita kikao. Alikuwa amesoma kwamba Wabuddha wengine hawali nyama, akadhani tatizo ni mapishi. Sabitri alimweleza ukweli akiwa ameinamisha kichwa. Bi Ellen akafungua mafaili ya wazee mmoja mmoja. Fomu ina sehemu ya vitu vinavyomdhuru mlaji: karanga, maziwa, samaki. Hapo akaandika, "Anapendelea mpishi mwingine." Hivyo Maya akaingia kwenye kumbukumbu za kituo, mahali pa karanga. Na mimi nikaagizwa nirudishe kadi ya zamani.

"Maya aendelee kupika," Bi Ellen alisema, amefarijika. "Ni jina tu."

Kabla sijaigusa kadi nilimfuata Baje kwenye meza ya karata, Sabitri akitafsiri. Nilijiona mtu jasiri sana.

"Baje, Maya si Mhindu tena. Ni Mbuddha. Wabuddha hawana tabaka."

"Nimesikia, na ni jambo zuri," alisema, akipanga karata zake. "Sasa ni mhunzi aliyegeuka Mbuddha."

"Buddha mwenyewe alikataa mambo haya."

"Buddha alikuwa mtoto wa mfalme. Mtoto wa mfalme anaweza kukataa chochote."

Wazee wengine walicheka. Nikaona nimalize mchezo. Nikamwambia kwamba kwa mwaka mzima na zaidi, wali na dengu walizokuwa wakila zilipikwa na Maya, na mimi nilipokea sifa tu. Sabitri alisita kutafsiri. Nikamwambia atafsiri.

Baje hakushtuka. Aliweka karata mezani, zikitazama chini.

"Mwanangu, nilijua tangu kijiko cha kwanza. Mwafrika gani anatia jani lile kwenye dengu? Zile ni dengu za mama mmoja wa milimani kwetu. Nilizila nikamkumbuka marehemu mke wangu."

"Kama ulijua, mbona ulikula?"

"Kwa sababu sikuona. Palikuwa na ukuta, palikuwa na jina lako. Mtu haulizwi alichokula bila kukiona. Wewe ndiye uliyekileta mbele ya macho yangu, mbele ya hawa wote. Sasa nifanye nini?"

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Wote walijua. Nikauliza, kwa sauti ndogo kidogo, kama waliamini pia kuwa mimi ni Mbrahmini wa Afrika.

Hapo ukumbi ulicheka kweli. Baje alinishika mkono kwa huruma.

"Wewe ni mgeni asiye na tabaka. Kwa sheria za zamani maji yako hayanyweki vilevile. Lakini ukitugusa hatuna haja ya kuoga. Kwa hiyo umempita Maya kidogo."

Nimepewa matokeo mengi ya mitihani maishani, hayo ndiyo ninayoyakumbuka zaidi.

Nilipogeuka, Maya alikuwa kwenye kidirisha, amesikia yote kwa lugha yake, bila mkalimani. Hakulia. Alizima moto chini ya wali uliokuwa bado na maji, akafungua aproni, akaikunja.

"Kama wasingejua, ningewasamehe," alisema. "Mama Furaha, twende nikuoneshe zile pilipili zinauzwa wapi. Kaka atapika."

Nilirudisha kadi yangu ubaoni, nikapika. Nilifuata hatua zake zote, maana nilikuwa nimesimamia vya kutosha. Wazee walikula nusu, wakaacha nusu. Mwisho wa wiki Baje alikuja dirishani akauliza kama Maya ni mzima. Nilimwambia ni mzima, yuko nyumbani. Akasema, kwa sauti ambayo hata leo siwezi kuamua kama ilikuwa ya utani, "Mwambie arudi nyuma ya ukuta."

Nakiri kwamba nilimpelekea Maya salamu hizo kwake. Nilimwambia kazi ipo, mshahara upo, Bi Ellen anamsubiri. Binti yake alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Maya alimtazama binti, si mimi.

"Nikirudi," alisema, "huyu atauliza tena, na safari hii jibu litakuwa mimi."

Walihamia Buffalo, kwa ndugu wa mume. Maya aliomba kazi katika kituo cha wazee cha kule, akapika siku moja ya majaribio, akapewa jiko. Mwaka uliofuata alinipigia simu.

"Nahitaji msaidizi anayejua kujaza fomu za mkaguzi wa afya. Stashahada yako bado inafanya kazi?"

Nikaenda. Magoti yangu hayakuipenda theluji ya Buffalo, lakini hiyo ndiyo miaka yangu bora ya kazi, na niliifanya yote nikiwa chini ya mtu aliyemaliza darasa la tano kambini. Mama Furaha nilipomwambia kwa simu alisema, "Eh, leo diplome imeshika njia yake."

Msidhani Ubuddha ulimpokea Maya kwa maua. Hekalu la Buffalo lilikuwa na Wanepali waliozaliwa Wabuddha, na wiki ya kwanza mama mmoja alimuuliza kwa tabasamu, "Ninyi ni Wabuddha wa zamani au wapya?" Kumbe hata huko kuna meza ya mbele. Maya alimjibu, "Wapya. Bado tunafuata mafundisho."

Jiko la Buffalo halikuwa na ukuta. Maya alikuwa ameomba hivyo alipokubali kazi: kaunta ndefu, masufuria wazi, mpishi anagawa mwenyewe. Wazee wengine wa tabaka la juu walikuwa wakileta chakula chao toka nyumbani. Wengine walikula. Maya hakumbembeleza mtu.

Mwaka wangu wa mwisho, Baje akatokea. Kijana wake alikuwa amenunua nyumba Buffalo na kumhamishia huko. Aliingia kwa mkongojo, kofia ile ile, akaniona, akafurahi. Kisha akamwona Maya nyuma ya kaunta. Siku tatu alikula ndizi, peke yake, karibu na dirisha. Siku ya nne zilipikwa dengu zile zenye jani la milimani, na harufu ikajaa ukumbi. Baje akasimama, akachukua sahani, akapanga foleni.

Alipofika mbele ya Maya alinyoosha sahani kwa mikono miwili, na akafumba macho.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na bakuli la achari. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na watu wakaanza kuchungulia mmoja baada ya mwingine. Maya alikuwa na upawa uliojaa. Angeweza kumimina. Mimi ningemimina, miaka yote Columbus niliwamiminia hivyo hivyo watu wasiotaka kuona. Baje alikuwa mzee, na dengu alizitaka.

"Baje," Maya alisema kwa upole, kwa lugha yao, maneno ambayo kufikia wakati huo hata mimi niliyaelewa. "Fumbua macho. Mimi ni Maya Bishwakarma. Nimepika mimi."

Hakufumbua. Maya hakumimina. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Sahani ikaanza kuinama, nami nikaanza kusogea niishike, Maya akanizuia kwa jicho.

Mzee akafumbua. Alimtazama Maya usoni, naona kwa mara ya kwanza tangu aanze kula kwake, kisha akatazama sahani, kisha akamtazama tena.

"Ongeza na wali," alisema.

Maya akaongeza, akamimina dengu juu yake, akamwomba asogee mbele, wenzake wana njaa.